Maswali ya Wasomaji: Ukigawanya Utapata Omu, Ukizidisha Utapata Wati

Barua za mwezi huu zimekuja na namba, na hilo limenifurahisha. Kwa muda mrefu wasomaji wameniandikia wakilalamika kwamba stima yao ni hafifu au kwamba waya fulani unachemka, nami nimekuwa nikijibu kwa kukisia kama mganga asiyemwona mgonjwa. Mara hii wengi wametafuta mita, wakapima volti na ampea, kisha wakakwama kwenye hesabu, au kwenye kujua namba ipi iingie wapi. Kwa aliyeacha shule zamani, nikumbushe tu kwamba vipimo hivyo viwili vinatosha kukupa vingine viwili: volti ukizigawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani wa kifaa, na volti hizo hizo ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani kasi ambayo kifaa kinatumia nishati. Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa shule ya msingi. Ugumu uko kwingine, kama mtakavyoona.

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina koili ya kuchemshia maji ya kuoga ambayo maandishi yake yamefutika, na ningependa kujua ni ya wati ngapi kabla haijanimalizia tokeni. Rafiki yangu ambaye ni fundi wa stima alikuja na mita zake. Soketi ikiwa haina kitu ilisoma volti 238. Tulipochomeka koili ndani ya ndoo ya maji, volti zilishuka hadi 229, na mita ya kubana waya ikasoma ampea 6.4. Sasa tunabishana. Yeye anatumia 238 kwa sababu, asema, hizo ndizo volti za nyumba. Mimi nasema 229. Nani yuko sahihi, na zile volti tisa zimekwenda wapi? (Msomaji, Pipeline, Embakasi)

Jibu: Wewe ndiwe uliye sahihi, na rafiki yako asikasirike, kwa maana kosa lake ni la kawaida mno. Kanuni ya Ohm, ile ya kugawanya volti kwa ampea, haizungumzii volti za nyumba wala za mtaa. Inazungumzia volti zilizopo kati ya ncha mbili za kifaa kile kile ambacho mkondo wake umeupima, tena kwa wakati ule ule. Zile 238 zilipimwa wakati koili haikuwa ikipitisha mkondo wowote, kwa hiyo haziwezi kuozwa kwa ampea 6.4 zilizokuja baadaye. Chukua 229 ugawanye kwa 6.4, utapata omu 35.8, kisha uzidishe 229 kwa 6.4, utapata wati 1,466. Kwa njia ya rafiki yako mngepata omu 37.2 na wati 1,523. Tofauti hiyo si kubwa kwa mtu anayetaka maji ya kuoga, lakini inafukia jambo ambalo nitalifukua hivi punde.

Kwanza tokeni. Uniti moja ni kilowati-saa moja (si “kilowati kwa saa”, kosa ambalo watu wengi hulirudia kana kwamba stima ni gari lenye mwendo), yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Lita moja ya maji inahitaji karibu jouli 4,186 (jouli ni kipimo kidogo cha nishati) ili ipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Ndoo ya lita 20 inayotoka nyuzi 20 hadi nyuzi 45, joto ambalo linamtosha mtu kuoga asubuhi ya baridi ya Julai, itahitaji takriban uniti 0.58 iwapo hakuna joto linalopotea njiani, na koili yako itaifanya kazi hiyo kwa dakika 24 hivi. Ukichemsha maji machache kisha uyapoze kwa maji ya mfereji mpaka ndoo ifike lita hizo 20, kiasi cha joto ulichohitaji ni kile kile, ila maji yaliyochemka hupoteza mengi kwa mvuke.

Sasa volti tisa. Hazikupotea, zimebaki kwenye nyaya zilizo kati ya transfoma ya mtaa na soketi yako. Nyaya hizo nazo zina ukinzani, na mkondo unaopita kwenye koili ndio huo huo unaopita ndani yake. Gawanya 9 kwa 6.4, utapata omu 1.4, ambao ndio ukinzani wa njia nzima ya kwenda na kurudi. Zidisha 9 kwa 6.4, utapata karibu wati 58, ambazo zinapasha joto kuta, viungo na nguzo badala ya maji yako. Je, unazilipia? Inategemea zimepotelea upande gani wa mita ya tokeni. Katika majengo mengi ya huko kwenu mita zote hupangwa kwenye ubao mmoja chini, na waya hupanda hadi kwenye chumba. Mwombe rafiki yako apime volti pale kwenye ubao koili ikiwa inawaka. Tuseme akute 236: maana yake ni kwamba volti mbili zimepotea kabla ya mita, jambo ambalo si mzigo wako, na saba zimepotea ndani ya jengo, nazo unazilipia kila siku. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa kila mita. Ikiwa kwenda na kurudi ni mita 50 za waya, hiyo ni omu 0.6, na kwa ampea 6.4 ungetarajia kupoteza volti nne tu. Ukikuta saba badala ya nne, ama waya ni mwembamba kuliko ulivyoambiwa, ama kuna kiungo kilicholegea mahali fulani, na hapo mwenye nyumba aite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, si kijana wa kufunga ving’amuzi.

Itakufariji kujua kwamba Georg Simon Ohm mwenyewe, yule Mjerumani ambaye kipimo hiki kinaitwa kwa jina lake, alisumbuliwa na jambo lili hili. Betri za zama zake zilikuwa zikilegea kila zilipotoa mkondo, hata vipimo vyake vya mwanzo vikakosa mkao. Akaziacha, akatumia metali iitwayo bismathi iliyounganishwa na shaba, kiungo kimoja kikiwa kwenye barafu na cha pili kwenye maji yanayochemka, na msukumo wa umeme ukatulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Nyumbani hakikupokewa kwa shangwe, na heshima kubwa ilimjia kutoka Uingereza mwaka 1841, alipopewa Nishani ya Copley.

Mwisho, usitie mkono kwenye maji kabla hujachomoa plagi. Nimelisema hili mara nyingi hapa na nitazidi kulisema.

Swali: Nilinunua mita ya kubana waya Luthuli Avenue. Nikiibana kwenye waya wa pasi inasoma sifuri, ilhali pasi ina moto kabisa. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Kawangware)

Jibu: Huenda mita yako ni nzima. Ndani ya waya wa pasi kuna nyaya zaidi ya moja: mmoja unapeleka mkondo na mwingine unaurudisha. Mita hiyo hupima usumaku unaozunguka waya, na usumaku wa mkondo unaokwenda hufutwa na ule wa mkondo unaorudi, kwa kuwa viwango vyao ni sawa na mielekeo yao ni kinyume. Ni lazima ubane waya mmoja peke yake. Usiuchune waya wa pasi. Mwambie fundi akutengenezee kipande kifupi cha ekstensheni ambacho nyaya zake zimetenganishwa, kila mmoja ukiwa ndani ya ganda lake lisilotobolewa, uwe unakitumia kwa kupimia tu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kitabuni tumepewa njia mbili za kutafuta nguvu ya umeme, yaani wati. Ya kwanza ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, ambayo inaonyesha kwamba ukinzani ukizidi, joto linazidi. Ya pili ni volti mara volti gawa ukinzani, ambayo inaonyesha kwamba ukinzani ukizidi, joto linapungua. Mwalimu wetu wa fizikia alisema zote ni sahihi, akaendelea na somo. Tena kuna jambo la pili: kwa hesabu, balbu ya zamani ya wati 100 inapaswa kuwa na omu 576, lakini nilipoipima kwa multimita nilipata omu 41. Nani anadanganya? (Mwanafunzi, Kariobangi Kusini)

Jibu: Marahaba. Hii ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote. Mwalimu wako hakukosea, ila aliharakisha, na mahali alipoharakisha ndipo mafundi wengi watu wazima huanguka.

Njia hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote zimetoka kwenye volti mara ampea: katika ya kwanza umeziondoa volti na kuweka mkondo mara ukinzani mahali pake, na katika ya pili umeuondoa mkondo na kuweka volti gawa ukinzani. Lakini hakuna hata moja kati yake inayoweza kukuambia kitakachotokea ukinzani ukizidi, mpaka wewe useme kwanza ni kitu gani ambacho hakikubadilika. Ukisema “joto linazidi”, umekwisha kuamua kimyakimya kwamba mkondo ni ule ule. Ukisema “joto linapungua”, umeamua kwamba volti ni zile zile. Hao ni watu wawili wanaosimulia mikasa miwili tofauti, na ndiyo maana hawapatani.

Nyumbani vifaa vimeunganishwa sambamba, kila kimoja kikipata volti karibu 240 bila kumtegemea jirani yake. Hapo njia ya pili ndiyo inayotawala, na kifaa chenye ukinzani mdogo ndicho kinachokula umeme mwingi. Balbu ya wati 100 ina omu 576, ya wati 40 ina omu 1,440, na ile ya 100 ndiyo inayong’aa. Sasa ziunganishe kwa mfuatano, mkondo upite kwenye moja kisha kwenye ya pili. Ukinzani wa jumla ni omu 2,016 na mkondo ni ampea 0.119 kwa zote mbili. Mkondo umekuwa mmoja, kwa hiyo njia ya kwanza inashika usukani, na balbu ya wati 40 inapata wati 20 ilhali ile ya 100 inapata wati nane tu. Mdogo amemshinda mkubwa. Usilijaribu jambo hili kwa stima ya ukutani. Tafuta balbu mbili za pikipiki za volti 12, moja ya wati 5 na nyingine ya wati 21, uziunganishe kwa mfuatano kwenye betri: ndogo itawaka, kubwa utadhani imeungua.

Kuhusu omu 41, hakuna anayedanganya, ni kwamba umempima mtu yule yule akiwa amelala na akiwa anakimbia. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na ukiwaka hufikia nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi. Metali nyingi huongeza ukinzani zinapopata joto, na kwa safari ndefu kama hiyo ukinzani wa uzi huo umeongezeka mara kumi na nne. Multimita hupima kwa mkondo mdogo usioweza kuupasha uzi joto, kwa hiyo hukupa ukinzani wa balbu baridi. Gawanya 240 kwa 41 uone: wakati unapobonyeza swichi, kwa muda mfupi sana balbu inaweza kuvuta karibu ampea 5.9, kisha ikipata joto inatulia kwenye 0.42. Sasa unajua kwa nini balbu za namna hiyo hupenda kuungua pale unapoziwasha, si zinapokuwa zimewaka kwa saa tatu. Utaona pia kwamba hesabu yangu ya balbu mbili kwa mfuatano haikuwa kamili, kwa sababu zote zitakuwa hazijafikia joto lake la kawaida, na ile ya wati 100 itakuwa baridi zaidi. Kwa hiyo tofauti halisi kati yake itakuwa kubwa hata kuliko niliyokupa.

Koili ya msomaji wa Pipeline haina tabia hiyo. Uzi wake ni wa nikromu, aloi ya nikeli na kromu, ambayo ukinzani wake hubadilika kwa asilimia chache tu. Angeichomoa akaipima kwa multimita angepata omu zile zile 35 au 36.

Swali: Huku kwetu jioni watu wakirudi kazini volti hushuka mpaka 190. Jiko langu la koili la wati 2,000 linakuwa goigoi. Mume wangu anasema afadhali, tunaokoa tokeni. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Ruai)

Jibu: Dada, mwambie mzee kwamba jiko kweli linakula kidogo kwa dakika, ila sufuria inalipa. Jiko la wati 2,000 kwa volti 240 lina ukinzani wa omu 28.8. Kwa volti 190 mkondo ni ampea 6.6 na nguvu ni wati 1,253. Volti zimepungua kwa asilimia 21 lakini nguvu imepungua kwa asilimia 37, kwa sababu volti zikishuka, mkondo nao unashuka pamoja nazo, na nguvu ni zao la vyote viwili. Maharagwe hayajui habari hizo. Yanahitaji joto lile lile, kwa hiyo mtapika kwa muda mrefu zaidi, na kadiri sufuria inavyokaa motoni ndivyo inavyopasha hewa ya jikoni. Mwishowe mtatumia uniti nyingi kidogo, si chache. Kinachonihangaisha zaidi ni friji yenu, kwa maana mota haifanyi kama jiko: volti zikishuka sana huweza kushindwa kuanza, ikakaa ikivuta mkondo mkubwa mpaka iungue. Ichomoeni saa hizo, au mnunue kile kifaa cha kukata stima volti zinaposhuka.

Swali: Mwalimu, nina kibanda cha chipsi Kayole. Kikaangio changu ni cha wati 3,000. Ninavuta stima kutoka duka la jirani kwa ekstensheni ya mita 30, na waya uliobaki nimeuviringisha chini ya meza. Plagi imeyeyuka mara mbili tangu Januari, na wateja wanalalamika kwamba chipsi zinanywa mafuta. Fundi alipima wakati kikaangio kinawaka: dukani volti 240, kwenye kikaangio volti 224, mkondo ampea 11.7. Akasema ninunue plagi ya bei. Nimenunua. Bado inachemka. (Mfanyabiashara, Kayole)

Jibu: Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nenda ukaukunjue waya ulioko chini ya meza.

Fundi wako alipima vizuri sana, kisha akaziacha namba zake bila kuziuliza chochote. Kati ya duka na kibanda zimepotea volti 16. Zigawanye kwa 11.7 upate omu 1.37. Kwenda na kurudi ni mita 60 za waya, na shaba ya milimita mraba 0.75 kwa urefu huo ina ukinzani huo huo karibu kabisa. Kwa hiyo, bila kuukata waya wako, ninakuambia ni wa milimita mraba 0.75, ambao hutengenezewa mkondo wa ampea 6 tu, nusu ya mzigo unaoubebesha. Zidisha 16 kwa 11.7: wati 187 zinageuka joto ndani ya waya. Ukiwa umenyooshwa, joto hilo hutawanyika kwa urefu wote na huenda usilihisi. Ukiwa umeviringishwa, sehemu kubwa yake hurundikana mahali pamoja, chini ya meza, jirani na mafuta.

Usitegemee fyuzi ikuokoe. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi hujua kuhesabu mkondo tu. Inaona 11.7, inaona hakuna neno, inanyamaza. Haiwezi kujua kwamba waya uliofungwa nyuma yake ni mwembamba.

Plagi nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo plagi ya bei inaposhindwa. James Prescott Joule, Mwingereza mwana wa mwenye kiwanda cha bia, alichapisha mwaka 1841 matokeo yaliyoonyesha kwamba joto ndani ya waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme tundu la soketi ya ekstensheni limelegea, na mahali ambapo jino la plagi linagusa kuna ukinzani wa omu 0.2 tu, kiasi ambacho multimita nyingi za bei rahisi hazikioni. Ampea 11.7 mara 11.7 mara 0.2 ni wati 27. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kulehemu, ile inayoyeyusha risasi kwa dakika chache, nayo yote imekusanyika kwenye eneo dogo kuliko punje ya haragwe. Joto hilo huichafua metali, ukinzani unaongezeka, joto linazidi, hadi plastiki inalainika. Umebadilisha plagi mara mbili lakini soketi iliyoiunguza iko pale pale. Badilisha zote mbili.

Na chipsi? Kikaangio chako kinapata 224 mara 11.7, yaani wati 2,620, si 3,000. Ukitia viazi baridi, mafuta hupoa, na kikaangio chenye nguvu pungufu huchelewa kuyarudisha kwenye moto wake. Viazi hukaa vikiloweka mafuta badala ya kukaangika. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 kwa umbali ule ule, utapoteza volti tano na nusu hivi na wati 66, na kikaangio kitapata karibu wati 2,870. Waya huo ni ghali, ninajua. Lakini kwa saa sita za kukaanga kila siku, waya ulio nao unakula uniti moja na kidogo, na sijui jirani yako huigawanya vipi bei ya tokeni hizo.

Swali: Ninafunga taa ndogo za LED kwenye dashibodi za matatu. Nikiweka rezista ya omu 500 kwa hesabu ya volti 12, zinawaka vizuri gereji, lakini baada ya wiki dereva anarudi zimeungua. Na je, taa hiyo ya LED yenyewe ina omu ngapi? (Fundi, Grogan)

Jibu: Swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza. Taa ya LED haina omu za kudumu unazoweza kuziandika kwenye daftari. Ile nyekundu hubaki na volti karibu mbili hata mkondo ukiongezeka sana, kwa hiyo kanuni ya Ohm usiipigie hesabu kwenye taa. Ipigie kwenye rezista, ambayo ndiyo inayobeba volti zote zilizosalia. Na volti zenyewe si 12. Hizo ni za gari lililozimwa. Injini ikinguruma, jenereta huipandisha betri hadi volti 14.4 hivi. Toa mbili za taa, zimebaki 12.4. Ukitaka mkondo wa ampea 0.02, gawanya 12.4 kwa 0.02 upate omu 620. Ile ya 680 inayopatikana kila duka itakufaa zaidi. Kwa 500 yako mkondo ulikuwa ampea 0.025, na ndani ya dashibodi yenye jua la mchana taa haikuvumilia. Tena angalia wati za rezista: kwa omu 680 mkondo ni ampea 0.018, na 12.4 mara 0.018 ni wati 0.23, na rezista ya robo wati itakuwa imebeba mzigo hadi ukingoni. Chukua ya nusu wati. Kwa mabasi makubwa ya volti 24 pigia hesabu ya volti 28.8, na rezista iwe ya wati moja.

Swali: Friji yangu inasoma volti 240 na ampea 1.0 kwenye mita. Hizo ni wati 240, lakini kibandiko cha nyuma kinasema wati 150. Nimeibiwa? (Msomaji, Umoja)

Jibu: La. Kuzidisha volti kwa ampea moja kwa moja hukupa wati halisi kwenye koili, pasi na jiko. Mota ya friji hutumia mkondo geu, yaani stima ya ukutani inayobadili mwelekeo kila mara, kwa namna nyingine: volti na mkondo havipandi na kushuka pamoja, mkondo huchelewa nyuma, na sehemu ya umeme huingia kwenye usumaku wa mota kisha hurudi ilikotoka bila kufanya kazi. Namba 240 uliyoipata ni volti-ampea. Kati yake, 150 tu ndizo wati. Kwa sababu hiyo pia usigawanye 240 kwa 1.0 ukasema umepata ukinzani wa nyaya za mota, maana multimita itakuonyesha namba ndogo zaidi.

Mita ya tokeni hupima wati halisi, nayo inaweza kukupa jibu bila kifaa kingine. Tazama taa yake ndogo inayomweka. Kando yake pameandikwa ni mweko mingapi inayofanya uniti moja. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa friji, hakikisha mota inanguruma, kisha uhesabu. Ikiwa mita yako ni ya mweko 1,000 kwa uniti na umehesabu kumi kwa dakika nne, friji inakula uniti 0.01 kwa dakika nne, ambazo ni wati 150.